UFUNDI NA MAARIFA: Gari la Zamani Lizungukalo Bila Kuwaka

Mganga mwenye akili hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza habari za maradhi yake. Watu wote hulijua jambo hili, wala hakuna apendaye kumlipa mganga afanyaye kinyume chake. Lakini gari linaposhindwa kuwaka, watu hao hao husahau. Mmoja hufungua kabureta, mwingine hununua plagi mpya, wa tatu huomba watu wamsukumie. Na jioni inapofika fedha zimekwisha, betri imekwisha, na gari liko pale pale.

Magari ya siku hizi yana ubongo wa umeme ndani yake, na fundi akiunganisha chombo chake huonyeshwa mahali pa kuanzia kutafuta. Gari la zamani halina msemaji wa namna hiyo. Hata hivyo si bubu. Lina njia zake za kujibu, ila hujibu swali moja kwa wakati mmoja, na humjibu yeye aulizaye kwa utaratibu.

Miongoni mwa magari ya zamani ya mbio yaliyojipatia sifa katika Kenya ni Datsun 240Z. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari hilo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa 240Z pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana kwa alama na Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya namna nyingine. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,393. Ina kabureta mbili, na cheche zake hutokana na koili na pointi. Mbio za Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003, zimewaonyesha vijana magari ya umri huo yakirudi tena katika vumbi.

Ili mambo haya yaeleweke vizuri, itafaa kusimulia hadithi ya mwalimu mmoja wa Mulot.

Asubuhi ya sokoni

Mulot ni soko lililo mpakani mwa Bomet na Narok, katika njia kuu iendayo Bomet na Kericho. Upande mmoja vumbi la Narok huja na upepo. Upande wa pili ni nchi ya mahindi na maziwa, na mbele zaidi kuna mashamba ya chai, ambako ukungu wa asubuhi hulowesha kila kitu. Mwalimu huyo alikuwa na 240Z aliyoachiwa na marehemu baba yake. Alilipenda sana, lakini binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo, na karo ilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo alipatana kwa simu na mnunuzi kutoka Nairobi, wakaagana kukutana Mulot siku ya Jumamosi.

Mwalimu alifika Ijumaa jioni, gari likienda kwa nguvu zake lenyewe. Asubuhi, akitaka lipendeze, aliwapa vijana kazi ya kuliosha, nao wakaliosha nje na ndani ya boneti kwa pampu ya maji. Mnunuzi alipofika, mwalimu alizungusha ufunguo. Stata ikazungusha injini vizuri, lakini injini haikuwaka. Akavuta choki, akakanyaga mafuta, akarudia mara nyingi. Haikuwaka.

Watu wakakusanyika. Mmoja alisema kabureta zimekufa, akachukua bisibisi na kuanza kugeuza skrubu zake. Mwingine alisoma katika simu kwamba pampu ya petroli ndiyo yenye kosa. Mnunuzi alitazama saa yake, akasema injini hiyo imekwisha, naye atatoa theluthi ya bei waliyopatana ili alichukue gari kwa kuvutwa. Mwalimu akawaza juu ya karo, akakaribia kukubali.

Ndipo mwenye duka la vipuri akamtuma mtoto amwite fundi mmoja mzee, aliyekuwa ameacha kazi na kukaa shambani kwake.

Maswali kabla ya spana

Mzee alikuja na mfuko mdogo. Jambo la kwanza aliwaomba watu wote watoe mikono yao katika gari. Kisha akamsalimu mwalimu, wakaulizana habari za nyumbani, na baada ya hapo akaanza.

“Mwalimu, lilikujaje jana?”

“Lilikuja vizuri, Mzee. Ila milimani halikuwa na nguvu.”

“Tangu lini?”

“Yapata miezi mitatu. Tena lilikuwa likipata moto kuliko zamani, na kila asubuhi lilikuwa gumu kuwaka.”

“Na leo lilifanywa nini kabla ya kukataa?”

“Lilioshwa, Mzee.”

Mzee hakusema neno. Aliinama akanusa, akasikia harufu kali ya petroli, akaagiza kwamba mtu asivute sigara karibu na hapo, na boneti iachwe wazi mpaka harufu ipungue. Majibu hayo yalikuwa na thamani kuliko vipuri vyote vya duka, kama itakavyoonekana.

Injini ya petroli yahitaji mambo matatu tu ili iwake: cheche yenye nguvu kwa wakati wake; petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri; na mgandamizo ndani ya silinda. Ikiwa stata yazungusha injini kwa kasi yake ya kawaida na injini haiwaki, basi mojawapo ya mambo hayo limekosekana. Kazi ya fundi ni kujua ni lipi, kisha kuyaacha yaliyo mazima.

Betri na cheche

Mzee alianza na betri, maana betri dhaifu yaweza kuzungusha injini na bado ikainyima koili umeme wa kutosha. Aliweka mita yake juu ya nguzo za betri. Betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12 na nusu hivi ikiwa imetulia, na stata inapozungusha haifai ishuke chini ya volti 9 na nusu. Hii ilikuwa imechoka kwa kurudiwa-rudiwa. Akaazima moto kwa waya nene kutoka gari la jirani, akamwonya mwalimu asizungushe stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, na kati ya mara na mara aipumzishe.

Kisha akatoa mfukoni plagi ya akiba. Akachomoa waya wa plagi moja, akauchomeka katika plagi hiyo ya akiba, akakibana kiwiliwili chake kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Plagi zote sita aliziacha mahali pake, ili mvuke wa petroli usitoke silindani ukakutana na cheche. Hakuushika waya kwa mkono, kwa kuwa umeme huo una maelfu ya volti. Mwalimu akazungusha stata. Hakuna cheche.

Mnunuzi akasema, “Ni maji tu hayo.” Naye hakukosea kabisa. Mzee alifungua kifuniko cha distributa, akakuta matone ya maji ndani yake. Umeme wa koili hupenda njia nyepesi, na maji au ufa mweusi katika kifuniko huupa njia ya kukimbilia pasipo kufika katika plagi. Akakausha kifuniko, rota na waya zote kwa kitambaa safi. Watu wakapiga makofi, wakidhani mambo yamekwisha.

Mzee akajaribu tena. Hakuna cheche.

Hapo ndipo mafundi wengi hupotea. Wakiona kosa moja, huamini kwamba ndilo kosa lenyewe, na likiondolewa bila kuponya gari, hukata tamaa au hununua vitu. Lakini kosa lililoonekana si lazima liwe ndilo la pekee. Yapasa kipimo kile kile kirudiwe baada ya kila tendo.

Taa ndogo yasema kweli

Mzee akatoa taa ndogo ya kupimia. Akafungua ufunguo, akagusa upande wa koili uingiao umeme kutoka betri; taa ikawaka. Basi swichi, fyuzi na waya za upande huo zilikuwa nzima. Akahamisha taa upande wa pili wa koili, uendao katika pointi, akamwambia mwalimu azungushe. Taa haikuwaka hata mara moja.

Maana yake yahitaji maelezo. Pointi ni vipande viwili vya chuma ndani ya distributa, vinavyofunga na kufunguka. Mhimili wenye pembe sita huzunguka kati yake, na kila pembe husukuma kisigino cha pointi ili zifunguke. Pointi zikifunga, umeme wa betri hupita katika koili. Zikifunguka, umeme hukatika ghafula, na mkatiko huo ndio uzaao cheche. Katika injini ya silinda sita izungukayo mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 9,000 kwa dakika hiyo moja.

Sasa, pointi zikiwa nzima, taa iliyowekwa upande huo wa koili huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, stata inapozunguka. Taa ikiwaka daima bila kuzima, pointi hazigusani: labda zina kutu au uchafu, jambo la kawaida katika gari lililokaa muda mrefu bila kutumika. Taa isipowaka kabisa, na hali umeme wafika katika koili, basi pointi hazifunguki, au kuna waya au kondensa inayogusa chuma isivyopasa, au waya wa ndani ya koili umekatika.

Mzee alizungusha injini polepole mpaka pembe moja ya mhimili ikasimama juu ya kisigino, mahali ambapo pointi zapasa kuwa wazi kabisa. Hazikuwa wazi. Kisigino, ambacho si cha chuma, kilikuwa kimelika kwa miezi mingi bila kutiwa grisi, na nafasi ya pointi ilikuwa imepungua kidogo kidogo mpaka ikatoweka. Akamwita mwalimu atazame mwenyewe.

“Unakumbuka uliniambia gari limekosa nguvu milimani?”

“Nakumbuka, Mzee.”

“Pointi zikisogeleana, hufunguka kwa kuchelewa. Cheche hutoka wakati umekwisha kupita. Injini hupata moto na kupoteza nguvu. Gari lilikuwa likikuambia kwa miezi mitatu.”

Nafasi itakiwayo katika pointi za 240Z ni kati ya milimita 0.45 na 0.55. Mzee alikuwa na kipimo chake cha majani membamba ya chuma. Asiye nacho, akiwa njiani, aweza kutumia karatasi za kawaida za ofisi: karatasi moja ina unene wa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo karatasi tano zilizobanwa pamoja ni karibu nusu milimita. Hicho ni kipimo cha kumfikisha mtu nyumbani tu. Baadaye yapasa kupima vyema, na kuangalia wakati wa cheche, kwa sababu nafasi ya pointi ikibadilika, wakati huo nao hubadilika.

Mzee akalegeza skrubu, akaweka nafasi, akakaza. Akapitisha karatasi safi kavu kati ya pointi ili kuondoa mafuta, akapaka grisi kidogo sana juu ya mhimili. Kipimo cha cheche kikarudiwa. Safari hii cheche ikaruka, ya rangi ya buluu, na sauti yake ikasikika.

Petroli iliyozidi

Hata hivyo injini haikuwaka. Ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

Mzee hakushangaa. Alifungua plagi moja, akaionyesha: ilikuwa mbichi, imelowa petroli. Choki na kanyagio vilikuwa vimejaza silinda mafuta wakati ambapo hapakuwa na cheche ya kuyachoma. Lakini ubichi huo nao ulikuwa ushahidi. Ulionyesha kwamba petroli ilitoka tangini, ikapita katika chujio, ikafika kabureta na silinda. Tena katika injini hiyo pampu ya petroli huendeshwa na mhimili wa valvu ulio juu ya injini, na mhimili huo huvutwa na mnyororo. Pampu yafanya kazi. Basi mnyororo haukukatika. Kwa kutazama plagi moja, mzee alikuwa ameondoa mashaka juu ya vitu vingi ambavyo watu walitaka kununua.

Kama plagi zingekuwa kavu baada ya kuzungusha sana, njia ingekuwa nyingine. Hapo hufaa kuchomoa waya wa koili na kuufunga kwenye chuma ili pasiwe na cheche, kisha kutoa mpira wa petroli utokao katika pampu, kuuingiza katika chupa, na kuzungusha stata. Petroli ikiruka kwa vishindo, pampu ni nzima, na kosa litafutwe katika kabureta. Isiporuka, litafutwe nyuma: chujio lililoziba, mpira uliopasuka na kuvuta hewa, kutu ya tangi, au tangi lisilo na petroli, jambo lililowaaibisha watu wengi wenye elimu. Chupa hiyo iachwe itulie kidogo. Kama kuna maji, yatakaa chini na petroli juu yake.

Na kama cheche ipo na petroli ipo, ndipo mgandamizo upimwe, silinda kwa silinda. Lililo kubwa ni kwamba silinda zote zikaribiane. Wenye magari katika nchi ya chai wakumbuke pia kwamba Kericho iko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 2,000, na huko hewa ina uzito wa kadiri ya sehemu nne kwa tano za ile ya pwani. Kipimo cha mgandamizo kitapungua kwa kadiri hiyo hiyo bila injini kuwa na ubaya wowote, na kabureta iliyorekebishwa Mombasa itatoa petroli nyingi kupita kiasi ikifika milimani.

Mzee alizifungua plagi zote sita, akazikausha, akaacha silinda zipumue kwa muda. Akarudisha skrubu za kabureta kadiri alivyoweza kujua zilikokuwa, kisha akarudisha plagi, na kila waya mahali pake, kwa kuwa mpango wa kuwaka wa injini hiyo ni 1-5-3-6-2-4, na waya mbili zikibadilishana mahali, kazi yote huharibika. Akamwambia mwalimu asiguse choki, bali akanyage mafuta mpaka mwisho na kuzungusha bila kuachia, ili hewa nyingi iingie.

Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Mwalimu akaachia kanyagio kidogo kidogo, na sauti ya silinda sita ikatulia.

Hesabu ya mwisho

Mnunuzi alitaka kujua ugonjwa ulikuwa nini. Mwalimu angeweza kusema ni maji tu, na gari likaonekana halina kosa. Lakini alimweleza yote: kwamba pointi zilikuwa zimelika, na kwamba yafaa aweke mpya na kupima wakati wa cheche kabla ya safari ndefu. Mnunuzi alisikiliza, akazunguka gari mara moja tena, akalipa bei ya kwanza waliyopatana. Mzee alidai ujira wa saa mbili, wala hakudai zaidi.

Katika makosa matatu yaliyokutwa siku ile, moja tu lilikuwa la gari lenyewe. Maji katika distributa yaliletwa na waoshaji. Petroli iliyojaa silindani ilitokana na haraka. Pamoja na hayo kulikuwa na skrubu za kabureta, zilizokuwa nzima mpaka mtu alipozigusa. Gari lilikuja Mulot na ugonjwa mmoja, na waliotaka kulisaidia wakaliongezea mengine, kisha ugonjwa wote ukaitwa kifo cha injini.

Basi mwenye gari la zamani na aweke katika sanduku lake plagi moja ya akiba, taa ndogo ya kupimia, kitambaa kikavu na kipimo cha majani. Vyote vyaenea katika mkoba wa karani. Na siku gari litakapozunguka bila kuwaka, aulize kwanza ni nini kilichobadilika. Aangalie betri, kisha cheche, kisha petroli, kisha mgandamizo. Na kila atendapo jambo moja, apime tena kabla ya kutenda la pili. Asinunue kitu ambacho hakijathibitika kuwa kibovu, wala asikubali bei ya gari lililokufa mpaka awe na hakika kwamba limekufa.